Zahanati Iliyohamia Bwawani

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, lakini jina hilo ni mali ya serikali na kulitumia kunahitaji kibali. Niliomba kibali miaka mitatu iliyopita nikajibiwa kwamba suala langu linashughulikiwa. Mimi ni mtunza masjala wa halmashauri ya wilaya, kwa hiyo maana ya neno hilo naijua. Tuseme tu "nchi yetu", basi, tuendelee.

Mwaka huo ulikuja waraka kutoka Wizara ya Ramani na Mwelekeo. Niliupokea, nikaugonga muhuri, nikausoma kabla ya kuupandisha ghorofani, maana kusoma barua za wakubwa ndiyo starehe pekee ya kazi yangu. Waraka ulisema enzi za ramani za karatasi zimekwisha. Kila wilaya iingize kwenye ramani ya kompyuta kila shule, kila kisima, kila zahanati na kila nyumba, na kuanzia Sikukuu ya Taifa serikali itahudumia tu vile vitakavyoonekana humo. Chini kabisa Waziri aliongeza kwa mkono wake: "Kisichokuwemo kwenye ramani hakipo, na serikali makini haihudumii kisichokuwepo."

Niliona ni maneno ya busara. Wakati huo nilikuwa sijachoka sana.

Waraka uliagiza pia kwamba tupeleke watumishi sita mji mkuu wakafundishwe, na kwamba wawe watu "wanaoifahamu wilaya kwa miguu". Ofisi nzima ilijua wa kwanza ni nani. Zamda Likwepa, fundi pampu wa idara ya maji, alikuwa amezunguka kata zetu zote kwa miaka kumi na minane, kwa baiskeli mpaka baiskeli ikastaafu, kisha kwa miguu. Alikuwa na madaftari tisa ya kuchora njia, vijito na visima. Mkubwa akipotea huko porini humpigia simu, "Zamda, niko penye mti mkubwa," naye humuuliza, "Una mzinga au hauna?" Kisha humwelekeza mpaka mlangoni kwake.

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Ludoviko Mbegani, alikuwa mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira. Aliitisha kikao.

"Ndugu zangu," alisema, "mafunzo ni kwa ajili ya nani?"

"Kwa asiyejua, Mheshimiwa," akajibu Afisa Itifaki.

"Zamda anajua au hajui?"

"Anajua."

"Basi tukimpeleka tutakuwa tumemnyang'anya nafasi mtu asiyejua. Mimi siwezi kuwa na dhambi hiyo."

Tukatafuta wasiojua. Kazi ilikuwa kuwachuja, kwani walikuwa wengi. Mkurugenzi alijiteua wa kwanza, kwa unyenyekevu mkubwa, akafuatiwa na Afisa Itifaki, dereva wake, na wengine watatu ambao nilipowauliza wilaya yetu ina kata ngapi waliniomba muda. Mimi niliongezwa kama mwandishi wa kumbukumbu. Zamda nilimkuta uani akikaza boliti za pampu, nikamweleza.

"Sawa," alisema bila kuinua kichwa. "Wakirudi waniambie walichojifunza."

*

Mafunzo yalikuwa ya siku tano, katika hoteli yenye bwawa kubwa la kuogelea na miavuli ya nyasi. Mkufunzi aliitwa Mwalimu Yakuti Shomvi. Alikuwa amefundisha kozi ileile mara arobaini na moja, na macho yake yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za ufunguzi. Mgeni rasmi hawezi kufungua mpaka akaribishwe, na anayemkaribisha hawezi kusimama mpaka atambulishwe, na aliyepewa kazi ya kutambulisha alikuwa amekwenda kumpokea mgeni rasmi kwa njia nyingine. Siku ya tatu tulipiga picha ya pamoja. Mpiga picha alitaka kivuli kiwe upande wa wakubwa, kwa hiyo tulisubiri jua lizunguke.

Siku ya nne Mwalimu Yakuti alitugawia vishikwambi.

"Kifaa hiki kinajua mahali ulipo," alisema. "Ukisimama penye kisima ukaandika 'kisima' na kubonyeza hapa, kisima kitaingia kwenye ramani mahali uliposimama. Kwa hiyo, ndugu washiriki, ni lazima mfike."

"Tufike wapi?" akauliza Mkurugenzi.

"Penye kisima."

Washiriki walitazama viatu vyao.

"Kila kisima?"

"Kila kisima, Mheshimiwa."

Baada ya chai tukatoka nje kufanya majaribio. Mwalimu alituambia tuandike chochote, kwamba jioni atatuonyesha namna ya kufuta. Mkurugenzi alikaa chini ya mwavuli, akavua viatu, akatumbukiza miguu bwawani. Kisha akaniomba orodha ya kata ya Mikwajuni. Hiyo ndiyo kata yetu ya mbali kuliko zote, na gari lake halijawahi kufika huko kwa sababu za usafi. Akaanza kubonyeza. Aliandika zahanati ya Mikwajuni, akabonyeza. Akaandika shule, akabonyeza. Visima kumi na viwili aliviingiza bila kubadilisha mguu.

"Mheshimiwa," alisema Mwalimu Yakuti kwa upole, "hapo umeiweka zahanati majini."

"Zipo kata za kando ya lami, hizo tutazifikia. Mikwajuni nimeimaliza."

"Lakini haya ni majaribio. Tutayafuta."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. "Nifute zahanati? Mimi? Mtumishi wa umma hafuti mali ya umma, Mwalimu." Akabonyeza palipoandikwa *Tuma*.

Wizarani taa zikawaka. Wilaya yetu ilikuwa ya kwanza nchini kukamilisha kata nzima, tena ya pembezoni. Siku ya tano Mkurugenzi alipewa kikombe na washiriki wote sita wakapewa vyeti, hata dereva aliyeshinda amelala. Mwalimu Yakuti alipiga makofi pamoja na wengine. Nilimtazama mikono: ilikutana, lakini haikutoa sauti.

*

Mwezi uliofuata nilipokea simu. Alikuwa dereva wa lori la dawa.

"Mzee, nimefika zahanati ya Mikwajuni," alisema. "Kuna watu wanaogelea. Nimkabidhi nani?"

Nikamwambia amekosea njia. Akasema ramani haikosei, kuna kishale chekundu na yeye amesimama juu yake. Mwishowe meneja wa hoteli alipokea maboksi yote na kutia saini, na nasikia wageni wake hawajapata kuumwa tumbo tangu siku ile.

Wiki tatu baadaye aliingia ofisini muuguzi wa Mikwajuni, Bi Sikudhani Pazi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nilimpandisha mwenyewe kwa Mkurugenzi, nikakaa kando na daftari la kumbukumbu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Unatoka wapi?"

"Mikwajuni, zahanati."

Mkurugenzi akafungua kishikwambi chake. "Zahanati ya Mikwajuni iko hapa," alisema, akagusa palipo na rangi ya buluu. "Na hapa unaposema umetoka, hapa," akatelezesha kidole, "ni majani."

"Mheshimiwa, nimetoka huko leo."

"Una uthibitisho?"

Bi Sikudhani akatazama miguu yake, iliyokuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. Mkurugenzi naye akaitazama, kisha akalitazama zulia lake kwa wasiwasi.

"Surua imeingia," alisema muuguzi. "Nina watoto ishirini na sita, wengine wamelala sakafuni. Sina chanjo, sina matone ya vitamini, sina hata dawa ya homa. Lori halijaja mwezi wa pili huu."

"Mama, umenisikitisha. Naapa umenisikitisha. Lakini nikipeleka dawa kwenye majani, mkaguzi ataniuliza majani yanaumwa nini."

"Basi irekebisheni ramani, baba."

Mkurugenzi alikigeukia kile kikombe kilichokuwa juu ya kabati. "Kurekebisha ni kukiri kosa," alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Na hili halikuwa kosa. Lilipewa kikombe."

Bi Sikudhani hakulia. Aliteremka nami masjala, akaomba maji, akanywa bilauri mbili akiwa amesimama, akauliza, "Zamda yuko wapi?"

*

Zamda alisikiliza mpaka mwisho, akaifuta grisi mikononi, akachukua simu yake yenye kioo kilichopasuka na daftari moja katika yale tisa. Mimi niliomba ruhusa kwa kusema nakwenda msibani. Nilidhani nadanganya.

Tulifika Mikwajuni wakati wanatoka makaburini. Alikuwa mtoto wa pili.

Kwa siku saba Zamda alipita nyumba kwa nyumba. Alisimama mlangoni, akabonyeza, akauliza jina, akahamia ya pili. Mimi niliandika. Nimefanya kazi serikalini miaka ishirini na saba, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika kitu nilichokuwa nakitazama.

Habari ilikuwa imeshatutangulia kwamba siku hizi serikali inatazama kutoka juu. Watu wa Mikwajuni ni wasikivu. Walikuwa wamefagia mapaa. Uwanjani walikuwa wamepanga magunzi ya mahindi yakasomeka TUPO, herufi kubwa, na mbuzi waliokula ile O walikuwa wamefungwa kamba kwa adhabu. Bibi mmoja, Mwanakheri, alimshika Zamda mkono.

"Mwanangu, huyo anayetazama, hutazama saa ngapi? Nisije nikawa nimeingia ndani."

"Usihangaike, bibi. Kaa popote."

Nyuma ya nyumba ya mwisho ya kitongoji kimoja tulimkuta mwanamume aitwaye Kondo. Alikuwa amesimama juani, peku, amemwinua binti yake kwa mikono miwili juu ya kichwa, uso wa mtoto ukielekea mbinguni. Mtoto alikuwa na miaka kama minne, jina lake Mwatumu. Macho yake yalikuwa yamevimba na vipele vimeenea shingoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Hawajamwona," alituambia. "Labda nikimsogeza kidogo."

Zamda akaweka simu chini, akamshika viwiko. "Mshushe, baba. Jua kali. Nimeshamwona mimi."

Siku ya saba tulimzika Mwatumu. Hapa msomaji ataniwia radhi, sina la kuchekesha. Zamda aliondoka makaburini moja kwa moja kwenda kumalizia nyumba zilizobaki, na jumla yake zikawa elfu moja mia moja arobaini na sita, na watu elfu sita na ushei.

*

Tulirudi masjala, Zamda akaunganisha simu yake na kompyuta yangu, akabonyeza *Tuma*. Mashine ikajibu: *Ingiza namba ya cheti.*

Vyeti vilikuwa sita, na wenyewe walikuwa wamevitundika ukutani kwenye fremu za dhahabu. Tulimwomba dereva. Alisema angependa kusaidia ila cheti chake kimekwenda kwao kuonyeshwa wazazi. Afisa Itifaki alisema cheti si kitu cha kuazimana, kama mswaki.

Nikampigia Mwalimu Yakuti, nikaiweka simu mezani kwa sauti kubwa ili Zamda naye asikie. Alisikiliza, na nyuma yake nilisikia makofi. Alikuwa kwenye ufunguzi.

"Kuna kitu kimoja tu ambacho mfumo unakipokea bila cheti," alisema hatimaye kwa sauti ya chini. "Kituo cha mafunzo. Wizara iliacha mlango huo wazi kwa makusudi, ili vituo hivyo kamwe visipungue."

"Mikwajuni si kituo cha mafunzo," alisema Zamda. "Ni watu. Nikiandika hivyo nitakuwa nimesema uongo."

"Bi Zamda, ramani hiyo naifahamu tangu ilipozaliwa. Humo ndani, uongo wako utakuwa wa kweli kuliko yote yaliyomo."

Zamda alifungua daftari la majina, akapitisha kidole mpaka la mwisho. Kisha akaandika: *Kituo cha Mafunzo Mikwajuni. Kumbi: 1,146. Washiriki: 6,031.* Akabonyeza.

Wizara ambayo haikuwahi kujibu barua yangu hata moja ilijibu kabla chai haijapoa. Siku mbili baadaye malori matatu yaliingia Mikwajuni, yakivushwa kijito kwa magogo. La kwanza lilileta viti vya plastiki. La pili lilileta kalamu, pipi na bango la kukaribisha. Nilianza kukata tamaa. Ndipo likaja la tatu, na humo walikuwamo wauguzi wanane na majokofu ya chanjo, kwa sababu kanuni ya mafunzo, kifungu cha tisa, inasema washiriki wote wapewe kinga na matibabu kabla ya ufunguzi, *ili pasiwe na viti vitupu mbele ya mgeni rasmi.*

Watoto walipangwa mstari. Kila aliyechomwa sindano alivishwa beji shingoni iliyoandikwa MSHIRIKI. Walio sakafuni walipewa matone na dawa, na Bi Sikudhani akawalaza juu ya mabango. Tulizika mmoja zaidi. Kisha surua ikakoma.

*

Mkurugenzi alipopata habari alimwita Zamda. Mimi nilikuwa na daftari langu.

"Umeidanganya dola," alisema. "Umegeuza vibanda kuwa kumbi. Nitakufukuza kazi, kisha nitakushtaki, na nikimaliza nita..."

Simu ikalia. Alikuwa Waziri mwenyewe, na Mkurugenzi alisimama ili kumsikia vizuri.

"Ndiyo, Mheshimiwa... Kikubwa kuliko vyote nchini? Elfu moja mia... Ndiyo, ni juhudi za ofisi yangu... Awamu ya pili? Wakurugenzi kumi na wanne?... Huko huko?" Akamtazama Zamda. "Mkufunzi ni mwanzilishi wa kituo. Ndiyo. Nimemwita hapa muda huu nimpongeze."

Akakaa, akajifuta jasho, asiseme tena habari za kumfukuza mtu.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba asubuhi moja magari kumi na manne meupe yalikwama kwenye kijito cha Mikwajuni, na wakurugenzi kumi na wanne wakavuka wakiwa wameshika viatu mkononi. Zamda aliwasubiri ng'ambo, amevaa ovaroli yake ya kazi.

"Ukumbi uko wapi?" akauliza mmoja, akipepesa macho juani.

"Mmeshaingia," alisema Zamda.

Ufunguzi haukuwepo. Mgeni rasmi aligeuza gari alipoliona lile tope. Zamda aliwapa vishikwambi na hotuba ambayo niliinukuu yote: "Kifaa hiki kinajua mahali mlipo. Ninyi ndio hamjui. Twendeni."

Akawagawia kila mmoja mahali pake, huyu kisima, huyu shule, huyu nyumba ya Bibi Mwanakheri. Mkurugenzi wetu alipewa zahanati.

"Mimi sirekebishi kitu," alimwambia Zamda pembeni. "Msimamo wangu unajulikana."

"Si kurekebisha, Mheshimiwa. Ni zoezi tu."

"Ah," alisema Mkurugenzi, na mabega yake yakashuka. "Zoezi."

Ni mwendo wa saa nzima kwa mtu asiyezoea, na hapana kivuli njiani. Nilimfuata na daftari. Koti alilivua penye shule, tai akaivua penye kisima cha pili, na mahali fulani katikati akaacha kuniuliza kama bado ni mbali. Alipofika mlangoni pa zahanati alikuwa mwekundu wa vumbi mpaka magotini. Alitweta, akaandika, akabonyeza. Kishikwambi kikaandika: *Uko hapa.*

Kishale chekundu kikaruka kutoka kwenye buluu kikatua palipokuwa majani. Sikuona zaidi ya hapo. Hapakupigwa makofi, wala hapakuwa na wa kuyapiga, maana watu waliokuwapo walikuwa wagonjwa na kila mmoja alikuwa na lake.

Mkurugenzi akaingia ndani kutafuta kivuli. Bi Sikudhani alikuwa mezani, ameinamia daftari la wagonjwa, hakuinua macho.

"Foleni, baba," alisema.

Nilimngoja aseme yeye ni nani. Alifungua mdomo kweli, akawatazama wale watu kwenye mabenchi, akaufunga. Akaenda akakaa mwisho, kati ya mama aliyebeba mtoto mgongoni na mzee mwenye kikohozi. Kila foleni iliposogea naye alisogea. Ilichukua muda mrefu. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya meza, mikono pembeni.

"Unaumwa nini?" akauliza muuguzi, kalamu tayari.

Mkurugenzi alifikiri.

"Nimechoka," alisema.

Bi Sikudhani akainua uso, akamwangalia kwa mara ya kwanza, kutoka vumbi la miguuni mpaka jasho la kichwani.

"Hiyo sote tunayo," alisema. "Anayefuata!"